Kutoka Gerezani hadi Chunya: kutafuta injini ya mtambo wa uchorongaji

Jumatatu, Dar es Salaam

Mtambo wenyewe, wa kutoboa mwamba na kutoa sampuli yake, uko Chunya, umesimama juu ya shimo lililoishia katikati, krenki ya injini yake imekatika. Mwenye mtambo ni mzee ambaye nimemfanyia kazi za haidroliki (mitambo inayoendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo) kwa miaka mingi. Alituma ujumbe mfupi: "Mwanangu, nitafutie injini nzuri, farasi mia na kitu, unipe bei." Nikampigia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamwuliza anatumia rodi (mabomba yanayoshuka shimoni yakizungusha biti ya kukatia mwamba) za saizi gani na shimo anataka lifike wapi. Akasema, "Mimi nimekuagiza injini, wewe unaniuliza rodi?"

Ndiyo, naanza na rodi. Kwenye mtambo wa kuchoronga, injini ndiyo kitu cha mwisho kuchaguliwa. Kwanza unajua biti inataka nini chini kule, kisha mota ya kuzungushia rodi, kisha pampu ya kuilisha mota, kisha namna pampu itakavyoshikana na injini. Ukimaliza hayo, injini inajitaja yenyewe. Anayeanza na nguvu za farasi hununua mashine isiyoendana na kazi, na mafuta yake ya haidroliki yanachemka kila saa nane mchana.

Mzee akanijibu: HQ mpaka mita 300, halafu NQ mpaka 600. Hapo tayari nina pa kushika. HQ inatoboa shimo la milimita 96 na kutoa kori, yaani mche wa mwamba, ya milimita 63.5, NQ inatoboa milimita 75.7 na kori ya 47.6. Rodi ya NQ ina uzito wa kama kilo 7.8 kwa mita, kwa hiyo mita 600 ni karibu tani 4.7 zinazoning'inia kwenye winchi. Ukiongeza msuguano wa ukuta wa shimo, weka tani sita.

Asubuhi nimezunguka mtaa wa Gerezani, hapa Dar, na kijana wangu. Tumeona injini tatu zinazostahili kuandikwa.

Ya kwanza ni Deutz F6L912, ya mtumba, silinda sita, inapozwa kwa hewa. Haina maji, haina rejeta, haina hosi za kupasuka. Sahani yake inasoma kilowati 70. Mzee anaipenda injini hii hata kabla ya kuiona, na ana sababu: Chunya maji ya kuchorongea yenyewe yanafuatwa kwa gari. Mitambo mingi midogo iliyopita nchini ilikuja na injini za ukoo huu. Kampuni yake ilianzia mjini Cologne mwaka 1864, na mmoja wa waanzilishi ni Nicolaus Otto, yuleyule ambaye jina lake limebaki kwenye injini za petroli.

Ya pili ni Cummins 6BT, lita 5.9, silinda sita, ina tabo, inapozwa kwa maji. Sahani: kilowati 110 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Pampu ya nozo, inayosukuma dizeli kwenye silinda, imelala pembeni, ya mstari, si ile ya kuzunguka. Nitaeleza kwa nini nimeliandika hilo.

Ya tatu ni mpya kabisa, ya kontroli boksi (inaongozwa na kompyuta), kilowati 115, imetengenezwa kukidhi sheria ya Ulaya ya moshi wa injini, Stage V, iliyoanza mwaka 2019. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi dogo la AdBlue, dawa ya kusafisha moshi. Muuzaji anaisifia kwa ulaji mdogo wa mafuta, na kwa hilo anasema kweli.

Sijalipia hata moja. Kesho tunapanda.

Jumanne, Morogoro

Tumefika kabla ya adhuhuri. Nje kidogo ya mji kuna kundi la wachimba visima ninaowafahamu, wana mtambo uliofungwa juu ya lori, na pampu zote za haidroliki zinazungushwa na injini ya lori lenyewe kupitia PTO, kiungo cha kutolea nguvu kwenye gia boksi. Nimepita kwao kwa makusudi, maana Mzee alishaniuliza mara moja kwa nini tusifanye hivyo.

Mfumo huu una faida nisizotaka kuzipuuza. Injini ni moja badala ya mbili, tangi ni moja, na uzito unapungua tani nzima au zaidi. Kwa kisima cha siku mbili kisha mnahama, unafaa sana. Mkuu wa kundi, kaka mmoja mpole, aliniacha nikae kwenye kabati la lori nikiangalia geji wakati wanashusha keshingi, mabomba ya kushikilia ukuta wa shimo. Injini inakaa kwenye mizunguko 1,500 saa nzima, lori limesimama, hakuna upepo wa barabarani wa kusaidia rejeta. Joto lilipanda taratibu mpaka karibu na mstari mwekundu, akapunguza kazi, likashuka.

"Hapa huwa tunaipumzisha," akaniambia. "Kisima kimoja si shida. Ila ningekuwa nachoronga wiki tatu shimo moja, nisingeweza."

Hilo ndilo nililotaka kulisikia kutoka kwa mtu anayekaa nalo. Mtambo wa Mzee uko juu ya skidi ya chuma, unaburutwa hadi shimoni na kukaa hapo wiki nyingi, saa kumi na mbili kwa siku. Lori lingefungwa pale bila kwenda popote, na siku likiharibika, mtambo nao umekufa. Suala la PTO nimelifunga.

Jambo jingine nililoliona hapo: wamefunga pampu ya gia ya kawaida, inayotoa mafuta kiasi kilekile muda wote. Wakiwa wanaunganisha rodi, mafuta yote yanarudi tangini kupitia vali, sawa, hayana mzigo. Lakini wakigandamiza kwa nguvu bila mota kuzunguka, yanapita kwenye rilifu vali, ile vali ya usalama, kwa shinikizo kamili. Lita 100 kwa dakika kwa bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo) ni kilowati 33 zinazogeuka kuwa joto tupu. Hesabu yake ni nyepesi na kila fundi aiweke kichwani: bari mara lita kwa dakika, gawa kwa 600, unapata kilowati. Kwa mtambo wa kori nataka pampu ya pistoni inayobadilisha ujazo wake, inayosikiliza mzigo na kutoa kile tu kinachohitajika. Bei yake ni kubwa, na haipendi mafuta machafu, lakini unairudisha kwenye dizeli na kwenye maisha ya sili.

Jumatano, Mikumi hadi Iringa

Mikumi tumepita na twiga wawili kando ya barabara. Ruaha Mbuyuni joto la kukausha, vitunguu vimepangwa kwenye ndoo. Kisha Kitonga.

Kila dereva anaijua Kitonga kwa kona zake. Mimi hupenda kuisikiliza. Malori yanayopanda yakiwa na shehena yanakuambia habari ya injini zao kwa sauti na kwa moshi. Lori moja la zamani lisilo na tabo lilikuwa mbele yetu, moshi mweusi unatoka mfululizo, dereva yuko gia ya chini kabisa. Moshi ule ni dizeli inayoingia kwenye silinda bila hewa ya kutosha kuichoma. Na kadiri anavyopanda, hewa inazidi kupungua.

Hapa ndipo sahani ya injini inapodanganya mtu asiyeisoma vizuri. Kilowati zilizoandikwa zimepimwa kwenye hali ya kiwandani: nyuzi 25 za joto na kanieneo ya hewa inayokaribia ile ya pwani. Kwa mwinuko wa mita 1,500 hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 14. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, na joto la mchana linaongeza hasara juu yake. Yenye tabo huisukuma hewa mwenyewe, kwa hiyo hushika nguvu yake mpaka mwinuko mkubwa zaidi, kutegemea ilivyopangwa na mtengenezaji.

Chunya ni kama mita 1,500. Ile Deutz ya kilowati 70 ikifika kule ni ya 60, tena siku ya ubaridi.

Tulipofika Iringa kijana wangu akauliza swali zuri: je, na pampu ya haidroliki inapoteza nguvu kwa mwinuko? Hapana. Mafuta ni mafuta popote. Pampu itadai kilowati zilezile Dar na Chunya. Anayepungukiwa ni anayeizungusha. Kitu cha kuangalia upande wa pampu ni mdomo wa kuvutia: kinachosukuma mafuta kuingia kwenye pampu ni kanieneo ya hewa juu ya tangi, na ikipungua, hosi nyembamba au ndefu ya kuvutia huanza kuleta mapovu na mlio wa kokoto. Tangi likae juu ya pampu, hosi iwe nene na fupi.

Jioni tumewakuta vijana wanaochimba kisima cha kijiji nje ya mji, wanatumia nyundo ya hewa na kompresa. Hapo mwinuko unauma kwa namna mbili: injini ya kompresa imepungukiwa, na hewa inayovutwa na kompresa yenyewe ni nyepesi. Shimo la milimita 165 kwa rodi za 114 linataka kama mita za ujazo 13 hadi 14 za hewa kwa dakika ili vumbi la mwamba lipande kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Anayenunua kompresa kwa kipimo cha Dar, akiileta nyanda za juu atashangaa mbona unga haupandi. Lakini hii si kazi ya Mzee. Yeye anaosha shimo kwa maji na tope. Nimeliandika kwa sababu watu wengi huchanganya mitambo hii miwili wakati wa kununua.

Alhamisi, Makambako hadi Mbeya

Mafinga baridi, misonobari, magogo kwenye malori. Makambako tumekunywa chai karibu na reli ya TAZARA.

Reli hii iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ina somo linalohusu kazi yetu. Vichwa vya treni vya mwanzo vilivyoletwa kutoka China vilikuwa vya dizeli na haidroliki: injini inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha magurudumu. Miaka ya 1980 vikaja vya dizeli na umeme, navyo ndivyo vilivyobeba kazi. Mteremko kutoka Makambako kuelekea Mlimba na mahandaki yake si mahali pa mfumo usiotoa joto lake vizuri. Haidroliki ni nzuri mno kwa nguvu nyingi katika nafasi ndogo, ila kila bari inayopotea lazima uitafutie njia ya kutokea.

Mbeya tumefika saa tisa. Nilitaka sana kumwona fundi wa pampu za nozo aliyeko upande wa Mwanjelwa. Ni mtu mzima, ana meza ya kupimia pampu, anafanya kazi kimya. Nikamwamkia, nikamweleza injini tatu nilizoziona.

Hakuuliza farasi. Aliuliza, "Dizeli mtaihifadhi kwenye nini?"

"Kwenye mapipa, mzee wangu. Gari linapeleka mara moja kwa wiki."

"Basi kuna maji. Hata mkichuja, kuna maji."

Akanionesha pampu mbili alizofungua wiki ile. Ya kuzunguka, ambayo sehemu zake zote za ndani zinalainishwa na dizeli inayopita, ilikuwa na kutu na mikwaruzo. Ya mstari, yenye ekseli na beringi zinazolainishwa kwa oili ya injini, ilikuwa imeathirika kwenye vipampu vidogo vya juu tu. Chini kuko safi. Ndiyo sababu Gerezani niliandika aina ya pampu. Injini ya 6BT imetoka na pampu za aina zote mbili kwa nyakati tofauti, na kwa kazi ya mapipa ninataka ya mstari.

Kuhusu ile mpya ya kontroli boksi alisema neno moja tu: "Nitakurudishia Dar." Shinikizo la mafuta kwenye injini za namna ile linapita bari 1,600, nafasi kati ya vyuma vya nozo ni mikroni chache, na tone la maji au vumbi linatosha kuzimaliza. Chujio la masizi na AdBlue vinahitaji dizeli yenye salfa kidogo mno, sehemu 10 hadi 15 kwa milioni, wakati kiwango kilichowekwa kwa nchi za Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa 50. Mimi sizichukii injini hizi. Kwenye mgodi mkubwa wenye tangi lake la mafuta, vichujio vya hatua mbili na fundi mwenye kompyuta, ningezipendekeza, zinakula kidogo na hazichafui mapafu ya watu. Kwa Mzee mwenye mapipa chini ya mti, hapana.

Zimebaki mbili.

Ijumaa, Mbeya hadi Chunya

Barabara ya Chunya inapanda kwanza, juu sana, mpaka unaona bonde lote la Usangu limelala chini, halafu inashuka kuelekea kwenye miombo. Hewa ya asubuhi ilikuwa kali, tukavaa makoti. Tulipofika Chunya makoti yalikuwa nyuma ya kiti.

Dhahabu ya Lupa imetafutwa huku tangu miaka ya 1920, na mashimo ya kale yako kila upande. Leseni ya Mzee iko ndani kidogo. Alitupokea mwenyewe, na kwa heshima ya safari hakutaja injini mpaka tulipokula ugali na kuku.

Mchorongaji wake ni mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi na kampuni kubwa za kigeni Kanda ya Ziwa. Nimekaa naye karibu na mtambo mpaka jua linazama, daftari magotini. Nimemwomba anieleze siku yake ya kawaida, saa kwa saa, na sikumkatiza.

Nikaanza na winchi, kwa sababu kila mtu huanza na winchi. Tani sita kwa kasi ya mita 0.8 kwa sekunde ni kilowati 48 kwenye kamba. Kuzipata hizo, pampu kuu inatoa lita 150 kwa bari 250, yaani kilowati 62 za mafuta, na injini inaipa pampu kama 70. Feni ya kupoza mafuta na pampu nyingine zinazozunguka bila mzigo zinaongeza nane. Jumla 78. Nikasema, hapo Deutz imekwisha kuanguka.

Mchorongaji akatikisa kichwa. "Fundi, rodi navuta lini? Biti ikiisha. Kori inapanda na kamba nyembamba ndani ya rodi, rodi zenyewe zinabaki chini. Naweza kuchoronga siku nne sijavuta rodi. Zikipanda polepole, si neno."

"Na zikinasa?"

"Zikinasa sitaki kasi, nataka nguvu."

Ni kweli tupu, na wanaochagua injini kwa mzigo wa winchi wanapaswa kumsikia. Nguvu ya kuvuta inatokana na shinikizo la mafuta na ukubwa wa mota. Kasi inatokana na wingi wa mafuta. Kilowati ni vyote viwili kwa pamoja. Injini ndogo yenye pampu iliyowekewa kizuizi cha nguvu itafika bari 250 bila kuzima. Itatoa lita chache tu, na rodi zitapanda kidogo kidogo. Kwa hiyo winchi peke yake haikatai Deutz.

Basi nikahesabu kile kinachoendelea kutwa nzima. Kuzungusha NQ kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, kina kirefu, kilowati 30 kwenye kichwa cha mtambo, ambazo kwa upotevu wa pampu, hosi na mota ni 40 kutoka kwenye injini. Pampu ya tope yenye pistoni tatu, 9. Kugandamiza na silinda ndogo ndogo, 4. Feni ya kupoza mafuta, 5. Jumla 58.

Deutz ya 60 ikibeba 58 kutwa, nyuzi 33 kivulini, na mapezi ya silinda yake yameshika vumbi la barabarani lililochanganyika na oili. Injini inayopozwa kwa hewa inaweza kufanya kazi kwenye joto kali, ila mapezi yawe safi na mzigo uache nafasi. Hapa nafasi haipo. Kikwazo ni ile saa sita ya mchana isiyokwisha.

Cummins ya 110, hata ukiiongezea kilowati tano za feni ya rejeta yake, inabeba 63. Ni kidogo zaidi ya nusu. Hapo ni pazuri. Injini ya dizeli haitakiwi kukaa kwenye asilimia 95, na haitakiwi kukaa chini ya thelathini pia, maana ikicheza bila mzigo kuta za silinda zinang'aa kama kioo, ringi hazishiki, oili inapanda. Mtu akimwambia Mzee anunue ya 200 "ili asijute", amkatalie. Kwa mzigo huu ulaji wa mafuta utakuwa kama lita 16 kwa saa.

Jumamosi, Chunya

Asubuhi nimemweleza Mzee kwa kutumia daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye hoja yake: "Maji, mwanangu. Rejeta itakunywa maji."

Swali ni halali na nimelijibu hivi. Rejeta nzima, iliyojazwa maji ya kupozea yenye dawa ya kutu, hainywi maji. Inayovuja ndiyo inayokunywa. Tutafunga rejeta kubwa kuliko ya kawaida, mapezi yenye nafasi pana ili vumbi lipite, na kipozeo cha mafuta ya haidroliki kikae pembeni yake, si mbele yake. Vikikaa kimoja mbele ya kingine, injini inapumua hewa iliyokwisha kupashwa moto na mafuta, na hapo ndipo rejeta nyingi zinaposingiziwa. Mafuta ya haidroliki yawe ya VG 68, mazito zaidi, badala ya 46, kwa sababu ya joto la huku.

Akakubali kwa kichwa. Akaongeza sharti lake: chujio la hewa liwe la hatua mbili, na juu yake chombo cha kutupa vumbi kabla halijaingia. Ningeliweka hata asingesema. Vumbi likipita chujio linasugua ringi na silinda, na injini inazeeka ndani ya miezi.

Saa zilizobaki nimezitumia kwenye jambo ambalo watu hulimaliza kwa dakika tano na baadaye huligharimia miaka: pampu zitashikana vipi na injini. Mtambo una pampu tatu za haidroliki. Ya kwanza ni kuu, ya pili inaendesha mota ya pampu ya tope, ya tatu ni ndogo kwa silinda na winchi ya kori.

Mikanda nimeiondoa mapema. Inafaa kwa pampu ya tope ndogo kwenye mtambo wa chini, lakini inavuta ekseli ya pampu upande mmoja, na pampu za pistoni hazijatengenezwa kuvumilia mvuto huo.

Kufunga pampu tatu kwa mfuatano nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, moja nyuma ya nyingine, ni njia safi na ya bei nafuu. Matatizo ni mawili. Ekseli ya pampu ya kwanza inabeba msokoto wa zote tatu, na lazima ujumlishe uone kama haizidi kiwango chake. Pampu kuu peke yake, sentimita za ujazo 71 kwa bari 250, inadai karibu Nm 300. Hilo lingewezekana. La pili ni urefu. Nimepima skidi kwa futi kamba mara tatu na kijana wangu ameshika upande wa pili: nafasi ni milimita 2,000. Injini, rejeta na pampu za mfuatano zinataka 2,150. Pampu ya mwisho ingening'inia nje, mahali ambapo rodi zinaviringishwa.

Imebaki gia boksi ya kugawa, yenye vituo viwili. Inafungwa moja kwa moja kwenye hausingi ya flaiwili, saizi ya SAE 3, kupitia kaplingi ya mpira inayomeza mitikisiko ya silinda. Kituo cha kwanza, cha SAE C chenye kitovu cha milimita 127, kinabeba pampu kuu. Cha pili kinabeba ile inayoendesha mota ya pampu ya tope, na ile ndogo imepanda mgongoni kwake. Urefu unarudi 1,900. Gia boksi inakula kilowati moja au mbili na inahitaji oili yake iangaliwe, lakini inatupa jambo jingine: spilaini za pampu, yale meno ya ekseli, zinakaa ndani ya oili. Nimeona spilaini kavu nyingi zilizolika mpaka zimekuwa sindano.

Mchorongaji alitaka klachi kati ya injini na gia boksi. Nimemshauri tuiache: pampu inayosikiliza mzigo, ikiwa haina kazi, inakaa kwenye bari ishirini na kitu tu, injini inawaka bila kuhangaika. Alichokitaka hasa ni kuweza kusimamisha pampu ya tope bila kugusa mzunguko wa rodi, na hilo tunalipata kwa vali yake peke yake. Akaridhika.

Saa kumi na moja nimepanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia muuzaji wa Gerezani. Nimemwambia 6BT ile asiiuze, Jumatano nitakuwepo na geji ya sahani kupima kama uso wa flaiwili na hausingi yake vinazunguka sawa, kisha tuiwashe kwa saa moja mbele yangu. Halafu nikampigia mwenye pampu.

"Hizo za 71 ninazo," akasema. "Zote za kuzunguka kulia, ndizo zinazofungwa kwenye flaiwili."

"Sifungi kwenye flaiwili. Kuna gia katikati, inageuza mzunguko. Nataka za kushoto."

Akasema ataangalia stoo. Dakika ishirini baadaye akanitumia picha ya sahani: 71, kushoto, kitovu 127. Nikamtumia Mzee bei, na Mzee akasema kesho baada ya ibada atatuma nusu.